Akaunti ya Watu Kumi na Mmoja

Mkahawa aliuchagua Wulan, pale Edgware Road, wa Waarabu, wenye viti vya mahameli na chai ya mnanaa inayoletwa kwenye birika la bati. Nilipoingia nilimtambua kwa mkono kabla ya uso: simu kainyanyua juu kidogo ya paji la uso, kidole gumba tayari. Miaka minane haikumfundisha kuishika namna nyingine. Akainuka, akanikumbatia, akaniita “Mbak,” yaani dada, kama alivyokuwa akiniita zamani, na mimi badala ya kufurahi nikaingiwa na woga. Nilikuwa nimekwenda pale kumwambia jambo moja. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi ndani ya basi tangu Edmonton, midomo ikinicheza mpaka mama mmoja akahama kiti. Kabla chai haijapoa akaniambia kwamba Sinta amekufa. “Mwaka jana,” akasema. “Maradhi ya damu. Sikwenda kumzika.” Kisha akamimina chai, akaniuliza kama bado natia sukari vijiko vitatu. Sinta alikuwa rafiki yake tangu utotoni, na jambo nililokwenda kulisema lilimhusu Sinta.

Kwa hivyo nauandika mwaka ule hapa, maana pale mezani haukutoka. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, nikihudumia wazee majumbani mwao, nikiwaogesha na kuwalisha, basi hili na lile kutwa nzima, na nilikuwa nimepanga chumba kwa Mama Wanjiru. Mama Wanjiru ni muuguzi, Mkikuyu wa Nyeri, mwanamke wa kanisa na wa kufuli. Friji yake ilikuwa na majina ya watu kwenye kila rafu. Nyumba ilikuwa nyembamba, ukuta kwa ukuta na ya jirani, zulia la ngazini limeliwa katikati, na kila neno lililosemwa jikoni lilipanda juu mpaka vyumbani. Jumamosi moja asubuhi nikamsikia akipiga kelele huko chini: “Nani ameua panya kwa kitchen yangu? Mungu wangu! Landlord akisikia hii harufu, ni notice tunapewa!” Nikashuka mbio. Nikamkuta msichana mdogo wa umbo, mtandio umefungwa vizuri kana kwamba yuko harusini, amesimama na kikaango, hajui acheke au alie. Alikuwa mpangaji mpya wa chumba cha mbele. Nikainusa ile harufu, nikaijua. Ilikuwa uduvi, uduvi uliovundikwa ukapondwa na pilipili, na mimi mtoto wa Unguja sikuweza kumwacha mtu anayekaanga uduvi apigwe kelele peke yake. Nikamwambia Mama Wanjiru, “Mama, hichi chakula. Ngoja uonje.” Akaonja. Akasema shetani ana mapishi mazuri, akachukua sahani.

Jina lake Wulan, ana miaka ishirini na miwili, ametoka mji mdogo wa Java ya Kati kuja kusomea biashara. Tulizungumza Kiingereza, chetu cha kuungaunga, na tulizungumza sana. Baada ya kula hatukwenda vyumbani, tulikaa ngazini, yeye ngazi ya juu na mimi ya chini, kikombe kimoja cha chai kikatuchukua saa tatu. Kwao, aliniambia, kukaa hivyo na wenzio bila ya shughuli yoyote kunaitwa nongkrong, na vijana wa kwao wanaweza kuishi kwa hilo tu. Nikamwambia kwetu tunaita kupiga baraza, ila baraza ni za wanaume. “Basi hii ni yetu,” akasema, akapiga ngazi kwa kofi. Hata leo nikipita kwenye nyumba yenye mlango wazi nikaona ngazi yenye zulia, hupunguza mwendo.

Ila nongkrong ya kwao haikuwa ya ngazini tu, ilikuwa ya simu zaidi. Wulan alinifundisha mambo ambayo mimi, niliyemzidi miaka minne tu, niliyasikia kama bibi kizee. Kila kijana kwao, alisema, ana kurasa mbili. Ya kwanza ni ya watu: mitandio, vitabu, daraja, kikombe cha kahawa chenye povu. Huko alikuwa na wafuasi maelfu, wasichana wanaotaka kujua mtandio wa hariri unafungwaje upepo wa London usiuchukue, na miongoni mwao alikuwemo mama yake, ambaye yeye alimwita Ibu, na walimu wake, na kina mama wote wa darasa la Kurani la mtaani kwao. Ya pili ni ya nafsi. Haina jina la mtu, imefungwa, na anayeingia ameitwa. Humo kijana wa kwao analia, anatukana, anaonyesha nywele zake na chunusi zake. Ya Wulan ilikuwa na watu kumi, wote wa kwao, na siku moja ngazini akachukua simu yangu mwenyewe akaniingiza. Nikawa wa kumi na moja. Nilifurahi, nisiseme uongo. Nilikuwa mtu niliyezoea kuitwa kwa kengele na wazee wa watu, na hapa nimeitwa kwa jina.

Mpiga picha nikawa mimi. Jumapili moja kwa mwezi tulikwenda maktaba kubwa ya mjini na mfuko wa mitandio. Anakaa dirishani na kitabu, namchukua. Anakwenda msalani, anarudi na mtandio mwingine na koti jingine, anahamia meza nyingine, namchukua. Mitandio mitano, meza tano, na zile picha alizitoa moja moja kila Jumatatu, watu kwao wakaandika mashaallah, mtoto wa watu anavyosoma! Kisha tunapita darajani, na hapo anatoa karatasi zake. Marafiki wa nyumbani humuomba awaandikie majina yao kwa mkono, kisha apige picha ameishika karatasi mbele ya mto, ili na wao wawe wamefika. Jina lililoandikwa mara nyingi kuliko yote ni la Sinta, ingawa Sinta mwenyewe alikuwa papa hapa London, anafanya kazi Hayes, kwenye ghala la kupakia vyakula vya abiria wa ndege. “Anapenda tu kuliona,” Wulan alisema.

Mwisho wa mwaka wake wa kwanza wa masomo Wulan alifeli. Chuo kikamkubalia arudie masomo mawili, akae mwaka mwingine. Hakumwambia mtu nyumbani. Sinta akamtafutia kazi kule kule ghalani, akawa anatoka alfajiri, treni juu ya treni, tangu Edmonton mpaka Hayes, akarudi na harufu ya mchuzi wa kuku wa ndege mikononi. Makusudi alikwenda mbali hivyo, asije akakutana na mtu wa chuoni. Kwenye ukurasa wa kwanza Jumatatu zikaendelea, maktaba na mitandio. Kwenye ule wa pili siku moja ilitoka picha aliyopigwa na Sinta: Wulan ameketi juu ya kreti, kavaa wavu wa nywele badala ya mtandio, macho yamevimba, na chini yake maneno yake mwenyewe: Nimefeli. Ibu hajui. Ninafunga wali wa watu wanaosafiri. Usiku wa kuamkia siku ile alinishika mkono pale ngazini. “Mwaka mmoja tu, Mbak. Nikifaulu nitamwambia Ibu mwenyewe, ana kwa ana. Akiyasikia kwa watu, hatanisamehe.” Nikamwambia siri yake iko salama. Tena nikamtolea methali, nikaifasiri, siri ya mtungi aijuaye kata, na mimi ndiyo kata. Mtu akishaanza kujisifia uaminifu kwa methali, mkimbie.

Ikaingia Ramadhani. Wenzake wa Kiindonesia wana desturi ya kufuturu pamoja, kila kundi la marafiki na siku yake, mpaka mtu mmoja anaweza kuwa na futari kumi za kwenda. Safari hii Wulan akaamua ifanyike kwetu. Mama Wanjiru, Mkristo wa watu, akatoa meza ya sebuleni na kuimba tenzi huku anapanga viti. Mimi nikapika kutwa nzima: sambusa, kaimati, uji wa pilipili manga, tambi za sukari. Wakaja saba, Sinta akiwamo, msichana mrefu mwenye sauti ya kukwaruza, aliyeingia moja kwa moja jikoni kunisaidia kuosha vyombo bila ya kuambiwa. Tukapiga picha moja wote, Mama Wanjiru ndiye aliyeshika simu, na mimi nimesimama katikati na sinia langu. Kesho yake nikaiona kwenye ukurasa wa kwanza. Sinia limo. Mikono yangu imo mpaka kwenye viwiko. Mimi simo. Nikamuuliza, natabasamu kama mjinga. Akasema, “Wataanza kuuliza maswali, Mbak. Huyu nani, mnaishi wapi, kwa nini mwenzako si mwanafunzi. Unawajua watu wa kwetu wakianza kuuliza.” Alikuwa na sababu, na leo naiona. Siku ile niliona mikono yangu tu, myeusi, imeshika sinia, imekatwa.

Nina binamu yangu Maskati, anaitwa Salma. Ukoo wetu una grupu la simu, watu arubaini na ushei, Unguja, Dubai, Maskati na mimi huku, na humo hakuna linalolala. Siku tatu baada ya futari Salma akatupia ile picha humo. Akaandika: “Rahma, hii si mikono yako wewe? Naijua pete ya marehemu bibi. Msichana wetu wa kazi hapa ni wa Java, anamfuata huyo bibiye anamwona kama malaika. Mwenzio anasoma, wewe unaosha wazee na kumpikia!” Na vicheko chini yake, kimoja baada ya kimoja, shangazi zangu, mabinamu, hata kaka yangu. Nilikuwa kituo cha basi, adhuhuri, nina saumu, nimetoka kumsafisha mzee mmoja aliyenitemea mate. Nikafungua ule ukurasa wa pili. Nikachukua skrinishoti ya kreti na wavu wa nywele. Nikaandika: “Mwambie msichana wenu, malaika wake huyu hapa. Amefeli, anafunga wali Hayes.” Nikatuma. Watu husema ulimi hauna mfupa. Kosa langu halikuwa la ulimi, lilikuwa la kidole, na kidole kina mifupa mitatu. Nilikuwa na nafasi ya kufikiri kwa kila mfupa. Basi lilipofika nikaifuta. Salma alishaiona, na alishafanya nilivyomwambia.

Ilichukua siku mbili kutoka jikoni Maskati hadi Java. Yule msichana wa kazi alimpenda Wulan kweli, alihuzunika, akaiweka mtandaoni akauliza kama ni yeye, na huko vijana wa kwao wakaipokea. Wulan alikuwa akinihadithia kwa fahari zamani jinsi watu wa kwao wanavyoweza kumwinua mtu asiyejulikana kwa usiku mmoja. Sasa akaona wanavyoshusha. Wakalinganisha mitandio na madirisha, wakagundua kwamba mwanga wa Jumatatu zote tano ni wa siku moja, saa ile ile. Wakamwita mwongo, wakasema amewadanganya kwa jina la dini, wengine wakatafuta mpaka namba ya Ibu. Kina mama wa darasa la Kurani wakamwonyesha Ibu ile picha mbele ya watu, bintiye hana mtandio. Kupitia ukutani nilimsikia Wulan akipiga simu nyumbani, ikiita, ikiita, ikikatwa. Akapiga tena. Nilijifunika mto. Asubuhi akapika tambi, akatia mayai mawili, akanigawia moja, akatoa karatasi na kalamu. Aliandika majina kumi na moja. Akaanza kukata. La kwanza kukatwa ni langu. “Wewe huwezi, Mbak. Wewe humjui mtu hata mmoja kwetu.” Mama Wanjiru alikuwa anapiga pasi sare yake, akasema bila ya kugeuka, “Kikulacho kiko nguoni mwako.” Kisha akanitazama mimi. “Na wewe Rahma mbona hukuli? Kuna kitu imekukwama kwa koo?” Nikasema nina saumu. Wala sikuwa nayo, mimi na Wulan sote wawili tulikuwa na udhuru wa kutofunga siku ile na tambi zilikuwa mbele yangu. Sikufikiri hata uongo wenyewe.

Karatasi ilibaki na jina moja, la aliyepiga ile picha. Sinta alikana, akaapa, akapiga simu mara zisizohesabika. Wulan hakuwa na hakika bado, na nadhani wiki mbili zaidi zingemtuliza. Lakini ikafika Idi. Wana desturi nyingine, na hii ni nzuri: asubuhi ya Idi kila mtu humwomba kila mtu msamaha, wa nje na wa ndani, kwa aliyoyajua na asiyoyajua. Ni maneno yale yale kwa wote, wazazi, mabosi, majirani, hata duka la simu hukutumia. Wulan mwenyewe aliniletea mimi kabla sijanywa chai, “Nisamehe, Mbak, wa nje na wa ndani,” akanibusu mkono. Kisha simu yake ikalia, ujumbe wa Sinta, maneno yale yale. Akausoma mara nyingi. Akaketi kwenye ngazi yake ya juu. “Mbak, unaonaje? Ni ile salamu tu ya Idi, au anakiri?” Nilijua ni salamu tu. Nilikuwa nimetumiwa hiyo hiyo na Sinta dakika tano nyuma, ilikuwa mfukoni mwangu. Nikasema, “Mtu haombi msamaha kwa asilolifanya.” Nilisema polepole, kama mtu mzima.

Siku ya nne ya Idi Sinta alikuja mlangoni na bakuli la bati lililofungwa kitambaa. Wulan aliniomba nimwambie hayupo, na koti lake lilikuwa linaning'inia nyuma yangu. Sinta alilitazama koti, akanitazama mimi. “Mbak, wewe unanijua,” akasema kwa ile sauti yake ya kukwaruza. “Uliniona jikoni kwako. Mwambie.” Nikapokea bakuli, nikafunga mlango. Lilikuwa na vijiti vya kuku na mchuzi wa karanga, bado vya moto, na Mama Wanjiru akala vyote maana mimi na Wulan hatukugusa. Mwezi wa pili yake Wulan aliondoka. Hakurudia masomo. Ibu alimpokea lakini hakusema naye kwa mwaka mzima, alikuwa akimtengea chakula na kutoka. Kila Idi tangu hapo Wulan ananiletea ule ujumbe wa nje na wa ndani. Sijawahi kumrudishia maneno hayo hata mara moja. Namwandikia Idi mubarak, naweka maua.

Na pale Edgware Road, birika la pili lilipoletwa, akaniambia yaliyobaki. Sinta aliendelea kumtumia ujumbe ule ule kila Idi mpaka alipolazwa. “Nilikuwa nausoma, nakumbuka maneno yako,” Wulan akasema. “Mtu haombi msamaha kwa asilolifanya. Yalinipa nguvu nisimjibu.” Alikuwa na watoto wawili, duka la mitandio, mistari midogo machoni, na aliyasema haya bila ya chuki, kama mtu anayenishukuru kwa dawa niliyompa zamani. Mumewe alimsihi aende mazikoni, akakataa. Siku hizi, akasema, anaota yuko ghalani na Sinta anampa kreti ya kukalia. Akanitazama. “Nilikosea, Mbak?” Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi kuliko wakati wowote wa maisha yangu. Kijana wa mkahawa akaja kuuliza kama tunataka baklawa. Nikasema ndiyo. Nikasema, “Yameshapita, Wulan. Mwombee tu.” Nikala baklawa mbili.

Kabla hatujaachana alichukua simu yangu, kama zamani, akabonyeza. Amefungua ukurasa mwingine wa nafsi, akasema, baada ya miaka yote hii bila. Wamo watu wawili tu: mumewe, na sasa mimi. “Katika wale kumi na mmoja, wewe ndiye uliyebaki.” Tukapiga picha, na safari hii hakukata mtu.

Nilipanda basi, nikakaa juu, mbele kabisa. Nilifika karibu nusu ya safari kabla sijaitoa simu. Nikayaandika kwa lugha yake yale maneno ya Idi, yote, wa nje na wa ndani, herufi moja moja, maana sikuwahi kuyaandika. Nikatuma. Nikaweka simu mapajani, juu chini, nikahesabu vituo viwili. Ilipotetemeka nikaigeuza. Alikuwa ametuma vicheko safu nzima. “Mbak! Idi bado miezi minne! Na wewe una kosa gani kwangu?”

Nikamtumia kile kiuso kinachocheka mpaka machozi yanakitoka.